Mdogo wangu chuoni Moshi amezama kwenye mikeka ya kamari na haingii tena darasani. Nizungumze naye vipi?

Dada wa Kilombero

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, na naomba sana msimtukane mdogo wangu, maana matusi ameshapata ya kutosha.

Mimi nauza mitumba ya watoto soko la Kilombero hapa Arusha. Wazazi wako Rombo. Baba ana kisukari, mama ndiye anayehangaika na migomba na ng'ombe. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 22, yuko mwaka wa pili chuo kimoja pale Moshi, anasomea uhasibu. Ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, na mimi namlipia chumba Pasua.

Mwaka wa kwanza alianza vizuri. Muhula wa pili akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, moja akaifuta, nyingine akaikeri, akabaki nayo mwaka uliofuata. Toka hapo sijamwelewa tena. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wiki haiishi anapiga simu kuomba hela ya kula. Mwanzoni nilidhani ni wasichana. Kumbe ni mikeka, na siku hizi ni ule mchezo wa kindege kwenye simu, ambao kwa sekunde chache hela imeshakwenda. Laptopu niliyomnunulia kwa hela ya kikoba ameiuza. Amekopa kwenye zile programu za mikopo ya simu, hajalipa, na wenye programu wamewapigia watu wote waliomo kwenye simu yake. Mimi nimepigiwa nikiwa na wateja, mtu ananiambia ndugu yako ni tapeli. Kaka yetu aliyeko Dar naye alipigiwa akiwa kazini, na tangu siku hiyo hataki kusikia jina la mdogo wetu.

Krismasi tulipanda nyumbani wote kama kawaida. Baba akaita kikao. Wajomba walikuwepo, baba mdogo alikuwepo, na mzee wa kanisa. Kila mmoja aliongea. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaitikia "ndiyo baba, nimeelewa baba" mpaka mwisho. Siku iliyofuata nilimwona nyuma ya banda la ng'ombe ameinamia simu, anacheza.

Majuzi nikapanda Coaster nikashuka Moshi bila kumtaarifu. Saa saba mchana nilimkuta amelala, pazia limefungwa, chumba kina joto na harufu nzito. Chini ya meza kulikuwa na sufuria ya wali ulioota ukungu. Nilifungua daftari lake la takwimu, tarehe ya mwisho ni ya Novemba. Amekonda, shingo yote mifupa. Nilipomuuliza shida ni nini, aligeukia ukutani akasema, "Dada, nyinyi mngekuwa na raha bila mimi."

Kaka anasema tumkatie hela zote arudi nyumbani. Mama anataka apelekwe kwenye maombi. Mimi nauliza mambo mawili. Je, hii ni tabia mbaya au ni ugonjwa? Na nimwambie nini ambacho bado hajaambiwa? Mitihani iko karibu na nakosa usingizi.

Mwaka wa Tatu

Pole sana dada. Mimi nasoma hapa hapa Moshi na nimeishi na mtu wa namna hiyo chumba kimoja, kwa hiyo nitakueleza upande ambao nyumbani huwa hamuuoni.

Siku bumu linapotoka, magrupu ya mikeka yanawaka. Kuna watu wanauza "mechi za uhakika", unatuma hela unatumiwa mkeka, na mkeka ukichanika anakwambia bado mmoja utarudisha yote. Mtu aliyepoteza hela ya chakula hachezi tena kwa tamaa ya utajiri, anacheza arudishe ile ya kodi. Hapo ndipo wengi wanaishia.

Kuhusu darasa, mara nyingi si uvivu. Ukikosa testi mbili unaanza kumkwepa mwalimu, halafu unamkwepa mwakilishi wa darasa, halafu unawakwepa wenzako wa kikundi kwa sababu hukuchangia kazi. Mwisho unaona bora usionekane kabisa. Yule mwenzangu alikuwa anatoka chumbani usiku tu kwenda kununua chapati.

Mambo mawili ya haraka. Hela ya deni usimpe mkononi. Na kabla ya kulipa chochote angalia ile programu ina leseni au haina, kwa sababu mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Wakipiga tena usibishane nao, hifadhi namba na ujumbe wao.

Halafu mtafute mtu mmoja tu wa darasani kwake ambaye anamwamini. Usije na ukoo.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimestaafu, naishi Rau. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikuwa wodini na kliniki, na vijana wa vyuo nimewaona wengi, maana mji wetu huu umejaa wanafunzi: wa Ushirika, wa Mwenge, wa KCMC na wa vyuo vidogo vidogo. Naanza na lile uliloliweka mwisho wa habari yako, kwa sababu ndilo la kwanza.

"Mngekuwa na raha bila mimi." Sentensi hiyo usiiache ipite. Ukiwa naye peke yenu, muulize wazi, kwa sauti ile ile unayomuulizia kama amekula: "Mdogo wangu, umewahi kufikiria kujiua?" Usizunguke na maneno ya "usije ukafanya ujinga," maana hapo umeshamwonyesha jibu unalotaka kulisikia, na atakupa hilo hilo. Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watampandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi wazo. Mwenye wazo hilo anakuwa amelibeba peke yake muda mrefu, na mara nyingi anapoulizwa ndipo anapopumua. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga lini na vipi, na kama kuna kitu chumbani alichokiweka kwa ajili hiyo. Kama kipo, kitoke siku hiyo hiyo. Usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke dharura hospitali ya Mawenzi au KCMC hata kama ni usiku wa manane. Akisema hapana, mshukuru kwa kukujibu, na mwambie utamuuliza tena siku nyingine.

Sasa tabia au ugonjwa. Uraibu wa kamari umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, umewekwa kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo kaka yako wa Dar ana haki ya kukasirika, lakini hasira yake haitoshi kuwa tiba. Na mimi nikisoma habari yako sioni kamari peke yake. Naona kijana anayelala mchana, hali, amejifungia gizani, ameacha kila kitu alichokuwa anakifanya. Hizo ni dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Huenda ndiyo iliyotangulia na kamari ikaja kumsahaulisha, huenda kamari ndiyo iliyoanza na aibu ikaleta sonona. Vyovyote iwavyo, vinatazamwa vyote viwili.

Kliniki zetu zinatumia dodoso la maswali 9, lipo kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27. Alama zikifika 10, mtaalamu anakaa na mtu huyo kumchunguza zaidi. Halimpachiki mtu jina la ugonjwa. Linamsaidia tu kuanza kuongea, kwa sababu kuna vijana ambao ukiwauliza "unajisikiaje" wanasema "poa," lakini ukiwauliza wamelala saa ngapi usiku wa jana, wanakuambia ukweli.

Uliuliza umwambie nini ambacho hajaambiwa. Hakuna, mwanangu. Yote ameshaambiwa. Kilichobaki ni yeye kuulizwa.

Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, William Miller, aliyekuwa akitibu watu wa pombe. Mwaka 1983 aliandika kuhusu namna nyingine ya kuzungumza na mtu anayetakiwa kubadilika, na baadaye, mwaka 1991, yeye na mwenzake Stephen Rollnick wakaitolea kitabu. Tulifundishwa njia hiyo kazini, na katika yote niliyofundishwa ndiyo niliyoitumia zaidi, kuliko hata sindano. Msingi wake ni kwamba mtu mwenye tabia inayomuumiza ana pande mbili ndani yake. Upande mmoja unataka kuacha, mwingine unataka kuendelea, na zote mbili ni za kweli. Ukija wewe ukauchukua upande wa kuacha ukausemea wote, umemwachia upande mmoja tu wa kusimama, naye ataulinda, kwa mdomo au kwa kimya. Tazama kikao chenu cha Krismasi. Wajomba walizimaliza sababu zote za kuacha. Mtoto hakubakiziwa hata moja ya kuisema yeye. Akaitikia "ndiyo baba" akaenda nyuma ya banda.

Kwa hiyo anza mahali ambapo hapajawahi kuanzwa. Muulize kamari inampa nini. Najua inakera kumuuliza mtu aliyeuza laptopu yako, lakini muulize kwa nia ya kutaka kujua. Pengine atakuambia ndiyo saa pekee ambayo kichwa kinatulia. Usimjibu. Mrudishie ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo ukicheza ndipo unaisahau ile sapu." Halafu nyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa dada mkubwa, lakini ndimo anamopata nafasi ya kuendelea.

Kisha mwulize: "Kutoka 0 hadi 10, kuacha mchezo huu kuna umuhimu gani kwako wewe?" Tuseme anasema 4. Sisi wazazi tunarukia "kwa nini isiwe 10?", na hapo tumemwomba atupe sababu za kutoacha, naye atazitoa zote. Wewe muulize, "Kwa nini ni 4, isiwe 1?" Kila atakachojibu hapo ni sababu yake mwenyewe ya kuacha, imetoka mdomoni mwake, na yeye mwenyewe ameisikia. Baada ya hapo mpe swali la pili la namba: anaamini kiasi gani kwamba anaweza kuacha? Vijana wengi niliokaa nao, umuhimu ulikuwa juu na imani ilikuwa chini kabisa. Mtu wa namna hiyo ukizidi kumwelezea hasara unazidi kumzamisha. Anahitaji jambo dogo analoweza kulifanya kesho.

Namkumbuka kijana mmoja aliyeletwa na mama yake. Mama alijibu kila swali kwa niaba yake, hata lile la jina. Kijana alikuwa anakikunja na kukikunjua kile kikadi cha kliniki mpaka kikaanza kuachana katikati. Nikamwomba mama atusubiri nje. Nikamuuliza, "Wewe ungependa mambo yaweje?" Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia mfagizi anavuta ndoo kwenye korido mpaka mwisho. Akasema, "Ningependa simu ya nyumbani ikiita nisiogope kupokea." Tulifanya kazi na sentensi hiyo. Sikumwongezea yangu. Kila alipokuja nilimuuliza wiki hii simu ya nyumbani ilikuwaje.

Na usiseme wewe si mtaalamu. Zimbabwe kuna daktari wa afya ya akili, Dixon Chibanda, ambaye mwaka 2006 alianza na bibi wa mtaani pale Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kusikiliza, kumsaidia mtu ataje matatizo yake, achague moja, na atafute yeye mwenyewe hatua ya kulipunguza. Matokeo ya utafiti wao kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi wale hawakuwa na digrii. Walifundishwa, na walikuwa na wasimamizi wa kuwapelekea waliozidiwa. Nawe utakuwa na kliniki nyuma yako.

Mama aombe. Maombi hayajawahi kugombana na kliniki kwangu. Ninachokikataa ni kumsimamisha kijana mbele ya watu na kumtangazia dhambi zake.

Baba wa Himo

Heshima kwenu. Mimi naona tofauti. Nimesomesha watoto wangu wote kwa duka la vifaa vya ujenzi, na mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa kahawa. Mzee wangu alipeleka gunia KNCU, chama cha ushirika cha kahawa, akipata malipo analipa ada, na ukifeli unajua umekula jasho la watu. Hakuna aliyekuuliza kutoka 0 hadi 10. Huyo kijana arudi Rombo akamate jembe mwaka mzima, akili itamrudia. Kumpa hela mtu wa kamari ni kumpa pombe mlevi. Dada yangu, kaka yako ana hoja.

Nesi Mstaafu

Baba wa Himo, heshima yako. Kwenye hela tuko pamoja, mkononi asipewe. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, chakula alipiwe kwa mama ntilie. Na kampuni za kamari zinaweza kuombwa zimfungie akaunti yake. Ila ombi hilo aliandike yeye, kwa sababu mkimfungia ninyi atafungua nyingine kwa laini ya rafiki.

Hata kupumzika mwaka si wazo baya. Vyuo vinaruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, kwa barua na cheti cha daktari, na ni heri hivyo mara mia kuliko kuingia mitihani hajasoma akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli. Lakini pana tofauti kati ya kijana aliyesema "naomba nipumzike nitibiwe" na kijana aliyepakiwa kwenye gari kurudishwa kijijini, kila anayepita njiani anajua kwa nini. Wa pili nimempokea wodini. Na kwa huyu aliyetamka alichotamka, ukimpeleka nyumbani lazima kuwe na mtu wa kuwa naye, na dawa za kupulizia kahawa zifungiwe kwa kufuli na ufunguo akae nao mama. Jembe hutibu kukaa bure. Sonona inataka na kingine.

Kuhusu wazee wetu, baba yangu naye aliuza kahawa. Ila katika kijiji chetu kulikuwa na vijana walioanguka, na hatukuwa na jina la kilichowaangusha, tukasema wamelogwa au wameshindwa maisha. Sipendi turudi huko.

Dada wa Kilombero

Nimerudi. Asanteni wote, na shikamoo mama Nesi. Jumamosi nilifunga meza mapema nikaenda Moshi. Safari hii nilimtaarifu. Nilikuta ameoga.

Tulikula mtori karibu na soko la Mbuyuni, tukatembea taratibu kuelekea stesheni ya reli, kwa sababu chumbani alikuwa hawezi kuongea. Nilimuuliza lile swali. Niliogopa sana, mikono ilikuwa ya baridi. Alisimama, akaniangalia, akasema, "Sijapanga kitu. Lakini usiku huwa natamani nisiamke." Halafu akalia. Nami nilinyamaza kama ulivyosema.

Kuhusu kamari, alisema ilianza baada ya ile sapu ya pili. Alikuwa anataka apate hela ya kulipa masomo ya ziada bila kuniomba mimi. Sikuwahi kujua.

Umuhimu wa kuacha alisema 7. Nilipomuuliza kwa nini isiwe 1, akasema kila Jumapili baba anampigia, anamuuliza wiki hii amejifunza nini, na yeye anatunga. Anatunga somo zima, na baba anafurahi, anamwita mama aje asikilize. Akasema, "Sitaki tena kumtungia baba." Kujiamini kwamba anaweza alisema 2.

Amekubali hela ya bumu lijalo ikiingia tuihamishie kwangu siku hiyo hiyo, tupange naye kwa wiki. Hilo amelisema mwenyewe. Amekubali pia kwenda kwa rafiki yake mmoja wa darasani kuchukua madokezo. Lakini hospitali amekataa kabisa. Anasema ataonekana kichaa, na kwamba wodi ya akili wanafunzi wa udaktari wanapita, atakutana na mtu anayemfahamu. Nifanyeje? Na mitihani ni karibuni.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi kubwa, na yeye amefanya kubwa zaidi.

Kutamani kutoamka tunakuhesabu kuwa ni ndiyo. Hajapanga, na hilo linatupa nafasi, lakini ni jambo la wiki hii. Halisubiri mitihani iishe. Asilale peke yake kwa sasa. Ama yule rafiki wa darasani ahamie kwake kwa muda, ama yeye aje kwako Arusha.

Hofu yake ya kuonekana usimwambie ni upuuzi, kwa sababu si upuuzi. Kwanza mwombe ruhusa: "Naweza kukueleza nilichosikia kuhusu kliniki inavyokuwa?" Akikubali, mweleze hivi. Haendi wodini. Anaenda kliniki ya nje, anaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Anaandikishwa dirishani, anapimwa presha na uzito, halafu anaingia chumba kimoja na mtu mmoja, mlango unafungwa. Ataulizwa maswali yale 9 na mengine, pamoja na historia ya ugonjwa nyumbani. Anaweza kuomba wanafunzi wasiwepo chumbani, ni haki yake, aseme tu mapema. Anaweza asipewe dawa yoyote siku hiyo. Akipewa za sonona, ajue zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, asizikatishe kwa kuona hazisaidii. Kadi yake ya bima aje nayo.

Na kama kikwazo ni kukutana na mtu anayemfahamu, basi tiba iko na Arusha. Hospitali ya Mount Meru ina huduma ya afya ya akili, na pale hamjui mtu. Aje kwako Ijumaa, alale kwako, Jumatatu asubuhi mwende wote. Wewe ukae benchi la nje, asubuhi hiyo usimjibie hata swali moja.

Akikataa na hilo, muulize ni nani angeweza kumwona. Huenda akasema mshauri wa wanafunzi chuoni, huenda akasema padri. Popote atakapochagua mwenyewe, aanzie hapo, na kutoka hapo ataelekezwa mbele. Ila usiku akikuambia mawazo yamezidi, makubaliano yote haya tunayaweka pembeni, unaita gari unampeleka dharura.

Barua ya kuahirisha masomo isicheleweshwe. Hata kabla hajaamua, ulizeni ofisi ya mshauri wa wanafunzi tarehe ya mwisho ya kuomba ni lini, na Bodi ya Mikopo wanataka taarifa gani, ili akitoka kliniki na cheti asikute dirisha limefungwa. Aulize yeye, wewe simama naye.

Jumapili baba atakapopiga, mwambie mdogo wako halazimiki kueleza yote. Anaweza kusema, "Baba, wiki hii sikuingia darasani, naumwa, dada ananipeleka hospitali Jumatatu." Uwe chumbani naye anapolisema, na kama sauti ikimkatika, chukua simu umalizie kwamba ni kweli. Halafu niandikie hapa Jumatatu jioni mmeambiwa nini.